Mtunza Pango Aliyekunja Mashuka

Kwa miaka sita Perpétue alikunja mashuka katika nyumba moja ya wazee huko Saint Louis Park, na muda wote huo hakuna mwenzake kazini aliyejua kwamba kabla ya kuja Minnesota kazi yake ilikuwa kutunza pango.

Hakuwa na jambo baya la kuficha. Mwanzoni hakuwa na Kiingereza cha kutosha kulieleza. Kiingereza kilipokuja, alikuwa ameshazoea kanisa lake la Wakongomani, na pale kanisani mtu akitaja mizimu, nusu ya kina mama huanza kukemea kabla hajamaliza sentensi. Kwa hiyo alinyamaza. Akiulizwa aliishi vipi Afrika Kusini, alisema, "Nilikuwa nafanya usafi," na kweli alikuwa akifanya usafi.

Yeye na mumewe Mugisho walitoka Bukavu vita vilipowafika mlangoni. Walipita nchi tatu kabla ya kufika katika mji mdogo wa jimbo la Free State, karibu na mpaka wa Lesotho. Mji wenyewe ulikuwa na barabara moja ya lami, duka la mbolea, na baridi ambayo hawakuitarajia barani Afrika. Mugisho alishona viatu kibarazani. Chumba walipanga kwa bibi mmoja wa Kisotho ambaye kila mtu alimwita Mme Mamello, yaani Mama Mamello, na bibi huyo ndiye aliyekuwa mtunza pango.

Pango lilikuwa mwendo wa saa moja kutoka mjini, kwenye jabali la mawe ya manjano. Lilikuwa dogo. Watu kumi wakiingia, wa kumi na moja hukaa nje. Watu wa zamani walijenga ukuta wa udongo mbele yake na kuacha mlango mmoja unaofika kiunoni, na dari yake ilikuwa nyeusi kwa moshi wa mishumaa ya miaka mingi. Walikuja kina mama wa makanisa ya roho wenye kanzu nyeupe na mikanda ya buluu. Waganga walikuja na shanga zao, Wakatoliki na rozari zao, na vibarua wa mashambani waliopata mtoto baada ya kumtafuta sana. Siku nyingine walifika wote kwa pamoja, wakasali kila mtu kwa namna yake, wakagawana chai.

Mme Mamello hakuuliza mtu ni wa dini gani. Alikuwa na sheria mbili tu. Ya kwanza, hakuna kuingia na viatu. Ya pili, hakuna kuingia bila kuitikiwa. Unapiga magoti mlangoni, unasema, "Ke kopa ho kena," maana yake naomba kuingia, halafu unangoja. Aliyemo ndani atakujibu, "Kena." Ingia. Ikiwa mtunzaji ameenda kuteka maji, utangoja hata mvua ikunyeshee.

Perpétue alianza kwa kumsaidia kufagia. Akajifunza Kisotho kwa kuwasikiliza wasafiri, na kikamwingia haraka kuliko alivyodhani, kwa sababu maneno mengine yalikuwa ndugu wa maneno yake mwenyewe. Kwa Kisotho nyama ni nama, na kuinama ni ho inama. Miguu ya Mme Mamello ilipoanza kumsumbua, alimkabidhi Perpétue kazi ya kukaa ndani na kuitikia. Wenyeji walinung'unika. Iweje Mkongomani awafungulie pango lao?

"Anafagia kuliko nyinyi nyote," akawajibu Mme Mamello, na maneno yakaishia hapo.

Perpétue aliitikia watu mlangoni pale kwa miaka minane. Ndipo karatasi za kwenda Marekani zikatoka, na wakapewa siku chache tu za kufunga mizigo. Binti yao Joyeuse alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Sasa Joyeuse alikuwa na miaka kumi na saba, familia ilikuwa inakaa Brooklyn Park, na Perpétue alikuwa malkia wa chumba cha kufulia. Alifanya kazi ghorofa ya chini ya ardhi, kati ya mashine nne kubwa, mahali penye joto zuri hata Februari. Shuka za lastiki, zile zinazowashinda watu wengi, yeye alizikunja mpaka zikawa bapa kama daftari. Aliimba anavyotaka kwa sababu mashine zilipiga kelele kumshinda.

Jumanne moja ya Februari, wakati wa chakula cha mchana, Sista Makena alikuja kuketi naye. Makena alikuwa nesi kutoka Meru, msimamizi wa zamu ya asubuhi kwenye ghorofa ya pili, mwanamke mwepesi wa kucheka. Siku hiyo hakucheka.

"Mama Joyeuse, kuna mzee ameletwa juzijuzi, atanimaliza," alisema. "Room twelve. Solomon Letsika. Alikuwa engineer wa madaraja hapa Minnesota miaka na miaka. Sasa ugonjwa wa kusahau umemchukua, Kiingereza kimemtoka chote. Anaongea lugha hakuna mtu anaielewa, hata binti yake. Tulitafuta mkalimani wa simu, wakatupatia Mzulu. Mzee alimkasirikia huyo Mzulu mpaka akakata simu!"

"Pole, sista. Anatoka wapi?"

"Faili inasema Southern Africa, basi. Mimi kwanza nilidhani anajua Kiswahili, kwa sababu alinitazama akaniambia, 'Inama!' Nikainama. Akanipigia makofi. Nikaongea Kiswahili, hakuna kitu. Nikajaribu hata Kimeru."

Perpétue aliweka kijiko chini.

"Shida si hiyo," Makena akaendelea. "Kila asubuhi anatoka room yake, anaenda kwa mlango wa stoo ya mashuka, anavua slippers, anapiga magoti. Na miaka themanini na tatu! Halafu anauambia mlango, 'Kekopa, kekopa.' Nikajiuliza, kwani huyu mzee anataka kukopa nini? Anakaa pale akingoja. Ukimshika umwinue, anapiga mtu. Ameanguka mara mbili. Daktari anataka kumwongezea dawa ya kumtuliza, na Alhamisi tuna mkutano na binti yake. Wanasema ahamishwe aende kule kwenye milango ya kufungwa."

Perpétue alijua maneno yale kama anavyojua jina lake. Aliona macho ya kina mama wa kanisani. Aliona pia beji yake mwenyewe, iliyoandikwa "Laundry", na maagizo ya siku ya kwanza kazini kwamba wafanyakazi wa kufulia wasijihusishe na wakazi.

"Labda ni lugha ya kwao," alisema, akainuka kurudi kwenye mashine.

Jioni hiyo alikuwa akikata sombe, majani ya muhogo, jikoni huku akimsimulia Joyeuse. Alikusudia kusimulia kama kichekesho, ile habari ya kukopa, lakini alipofika mwisho Joyeuse hakucheka. Alimjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mama yake ndiye mtu pekee katika jengo lile anayejua mzee anataka nini, na ameamua kunyamaza.

"Mimi ni mtu wa mashuka, Joyeuse."

Joyeuse akasema, kwa Kiingereza tena, kwamba anakumbuka jinsi wasafiri walivyokuwa wakimsalimu mama yake kule pangoni. Walikuwa wakimpigia magoti, alisema. Kisha akachukua kisu na kuendelea kukata sombe, kwa sababu mama yake alikuwa ameacha.

Jumatano Perpétue alikuwa na siku ya mapumziko, na haikumpumzisha. Alhamisi alifika kazini mapema, akapakia toroli kwa mashuka mengi kuliko yaliyohitajika, akapanda ghorofa ya pili. Stoo ile ilikuwa chumba kidogo chini ya ngazi, chenye dari inayoshuka upande mmoja na mlango mfupi. Mtu mrefu lazima ainame kuingia. Perpétue alikuwa ameingia humo mara elfu, na ndiyo kwanza akaona kinafanana na nini.

Alipanga mashuka kwenye rafu. Akayapangua, akayapanga tena. Mara akasikia nyayo za mtu anayeburuta miguu. Akasikia slippers zikiwekwa chini, moja, kisha nyingine, na pumzi nzito ya mzee anayepiga magoti.

"Ke kopa ho kena," ikasema sauti nje ya mlango.

Sauti yenyewe haikuwa ya mtu aliyechanganyikiwa. Ilikuwa ya mtu mwenye adabu zake, aliyebisha hodi jana na juzi asijibiwe, na leo amerudi.

Perpétue alivua viatu vyake mwenyewe, akaketi juu ya furushi la mataulo. Akajibu kwa sauti aliyokuwa akiitumia zamani, ya kutoka tumboni.

"Kena, ntate." Ingia, baba.

Kisha mlango ukasukumwa polepole. Mzee Solomon alikuwa mrefu, mwembamba, na mvi zake zimechanwa vizuri. Aliinamisha kichwa zaidi ya ilivyohitajika, akaingia kwa magoti, akajisogeza mpaka kwenye furushi jingine, akaegemea ukuta. Akashusha pumzi ndefu.

"Mmechelewa kuitikia," alisema kwa Kisotho.

"Nisamehe, ntate. Nilikuwa mtoni, nateka maji."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Sababu ilimtosha kabisa. Akauliza kama mvua imenyesha huko chini, na Perpétue akasema imenyesha kidogo. Akauliza kama uji uko tayari. Perpétue akasema bado, lakini moto umeshika. Waliongea hivyo karibu robo saa, na mikono ya mzee, ambayo Makena alisema inapiga watu, ilikaa kimya juu ya magoti yake.

Ghafla mlango ulifunguliwa wote. Makena alikuwa amesimama pale, na nyuma yake Bernardine, meneja wa nyumba, na mwanamke wa makamo aliyevaa koti la baridi. Mkutano ulikuwa umeanza, mtu akaulizia mzee yuko wapi, na wote wakatoka kumtafuta.

Perpétue alisimama haraka akagonga kichwa kwenye dari. "Pardon," alisema, "pardon, madame," na Kiingereza chote kikamkimbia.

"Mama Joyeuse," Makena akanong'ona kwa Kiswahili, "unaongea na yeye?"

"Niko najua ile lugha. Tangu Jumanne niko najua. Nisamehe, sista, niliogopa."

Yule mwenye koti alikuwa Lynette, binti wa mzee, aliyekuja kutoka Champlin. Hakuwa akimtazama Perpétue. Alikuwa akimtazama baba yake, aliyeketi miguu mitupu juu ya mataulo na uso umetulia kama wa mtu aliyefika kwake.

"Anasema nini?" Lynette akauliza kwa Kiingereza. "Tafadhali. Ni miezi saba sijui baba yangu anasema nini."

Kwa hiyo Perpétue akaeleza. Alieleza akiwa amesimama nusu, kichwa upande, mkono ukisugua alipogonga. Kiingereza kilimrudia kidogo kidogo, na kilipokwama, Makena alimsaidia. Aliwaambia kuna pango, lina sheria mbili, na mzee anazifuata zote mbili. Anavua viatu na kupiga magoti, anaomba ruhusa na kungoja. "Watu wa hapa ndio hawamjibu," alisema. "Wanamvuta mkono. Hata mimi ningepiga mtu."

Makena akacheka kwanza, akajifunika mdomo. Bernardine akauliza kama mzee ni muumini wa dini hiyo ya pangoni, ili waandike kwenye faili. Lynette akatikisa kichwa. Baba yake alikuwa Mlutheri kwa miaka hamsini. Alijenga madaraja. Hajawahi kutaja pango lolote.

"Muulize," alimwambia Perpétue. "Muulize alikwenda lini."

Perpétue akaketi tena, akauliza. Jibu la siku hiyo lilikuwa fupi, kwamba alikuja na mama yake, na mama ameenda kutafuta kuni. Habari nzima ilichukua wiki kadhaa kuipata, kipande leo na kipande kesho, kwa sababu siku nyingine mzee aliongea kama kijito na siku nyingine alilala. Bernardine aliruhusu Perpétue apande ghorofani nusu saa kila asubuhi. Lynette alikuja kila alipoweza, na daftari mkononi.

Habari yenyewe ilikuwa hii. Akiwa na miaka sita, kijijini kwao upande wa Lesotho, Solomon alishikwa na homa, na ilipoondoka iliondoka na nguvu za miguu yake. Mama yake alimbeba mgongoni, akavuka mto, akamfikisha pangoni. Kina mama wa pale waliwaombea, na hawakuishia kwenye maombi. Kila siku waliloweka miguu ya mtoto katika maji ya moto yenye majani, wakaisugua kwa mafuta ya kondoo. Kila asubuhi waliweka bakuli lake la uji upande wa pili wa pango, wakamwambia alifuate pale au lipoe.

"Niliwachukia," mzee alimwambia Perpétue, akicheka mpaka akakohoa. "Wanawake wabaya! Uji ule pale, na mimi huku!"

Alitambaa majira yote ya baridi. Kisha akaanza kujishika ukutani. Siku moja mwanzoni mwa masika mama yake alimwambia watoke nje waote jua, na alipokaribia mlango kina mama wote wakampigia kelele kwa pamoja, "Inama! Inama!" Alikuwa amesimama, na angegonga kichwa.

Perpétue alipotafsiri maneno hayo, Lynette aliacha kuandika. Makena, aliyekuwa amekuja na vidonge vya saa nne, alisimama na kikombe cha maji mkononi.

"Hiyo ni physio," Makena alisema baadaye. "Hao kina mama walikuwa wanamfanyisha mazoezi ya viungo, physio kamili, na uji ndio motisha!"

Daktari alikubali kungoja na ile dawa yake. Stoo ya mashuka haikuwezekana. Bernardine alieleza sheria za moto, na hata Perpétue aliona kwamba rafu zile zingeweza kumwangukia mtu. Lynette alileta blanketi zito la Kisotho lililokuwa kwenye sanduku la baba yake, wakalitundika kwenye kona ya chumba namba kumi na mbili, wakaweka mto wa kukalia na kiti chenye mikono cha kumsaidia kuinuka. Lakini Perpétue aliwaambia wazi kwamba bila wa kuitikia, kona ile ingebaki kona tu.

Ndipo yakaanza masomo. Makena aliamuru kila mtu wa zamu yake ajifunze maneno mawili. Wasaidizi wa Kihmong kutoka Asia, kijana wa usafi wa Kisomali, mtaalamu wa chakula mwenye asili ya Norwe, wote walipita mbele ya Perpétue kwenye chumba cha chakula wakisema "Kena, ntate" mpaka akaridhika. Wakenya ndio waliomsumbua. Walisahau wakasema "Karibu, mzee," na mzee akabaki palepale kwenye magoti yake akiwatazama kama watu wasiofunzwa. Makena mwenyewe alisema neno lile kwa lafudhi ya Kimeru iliyomfanya mzee amsahihishe kila siku, naye akawa anakosea makusudi ili asahihishwe. Kati ya Machi na Juni Solomon hakuanguka hata mara moja. Habari ya milango ya kufungwa haikutajwa tena.

Lakini habari husafiri. Makena alimsimulia Mkenya mmoja, Mkenya akamsimulia Mkongomani, na Jumamosi moja Mchungaji Onesphore akapiga hodi kwa Perpétue, amevaa suti. Mugisho alimkaribisha, akamwekea chai, kisha akakumbuka kazi aliyokuwa nayo kwenye gari.

"Mama Perpétue," alisema mchungaji, "nimesikia ulikuwa unahudumu katika pango."

"Ni kweli, Mchungaji."

"La mizimu?"

Perpétue alikuwa ameliogopa swali hilo miaka sita, na sasa limefika akakuta halina uzito aliodhani. "Kulikuwa na watu wa mizimu," alisema. "Kulikuwa na watu wa Yesu, wengi. Mimi nilisali kwa Yesu. Tulipofika kule hatukuwa na mtu. Yule bibi alitupa chumba, akanipa kazi. Nilifagia, niliwasha mishumaa, niliitikia watu mlangoni. Kama nilikosa, Mungu anajua, lakini sitasema uongo kwamba nilikuwa na huzuni. Nilikuwa na furaha kule, vraiment, kweli kabisa."

Mchungaji alizungusha kikombe chake. Alikuwa mtu mkweli, na hakujifanya amefurahi. "Sitakwambia kwamba nakubaliana na yote," alisema. "Lakini mke wangu anasafisha wazee kule Inver Grove Heights, na ananiambia wengi wao hawasikiwi na mtu. Wewe umemsikia mmoja." Alikunywa chai. "Kwa nini hukutuambia? Umekaa na jambo hili peke yako miaka yote?"

"Mnakemea haraka, Mchungaji."

Akacheka, hakuweza kujizuia. Jumapili iliyofuata hakutoa ushuhuda wala hotuba juu yake, jambo ambalo Perpétue alimshukuru kwalo sana. Baada ya ibada kina mama wawili walimvuta pembeni, si kumkemea, bali kumuuliza kama ni kweli majani yale ya maji ya moto yanasaidia magoti.

Julai Lynette akasafiri. Alikuwa mwalimu, na likizo ya kiangazi alikuwa amezoea kwenda ziwani. Mwaka huu alikata tiketi ya Johannesburg, akakodi gari, akaendesha mpaka ule mji wenye barabara moja ya lami. Perpétue alimchorea ramani kwa kalamu ya wino nyuma ya fomu ya mashuka, na akamfundisha la kusema. Kuhusu nani sasa anatunza pango, hakujua. Mme Mamello alikuwa mzee sana walipoachana, na namba yake ya simu ilikuwa imekufa miaka minne.

Walikubaliana saa. Saa mbili asubuhi Saint Louis Park ni saa tisa alasiri kule. Perpétue, Makena na mzee Solomon walikaa mbele ya tableti ya nyumba ya wazee. Bernardine akaingia "kwa dakika moja tu," akabaki. Nje kulikuwa na jua kali, na mtu alikuwa akikata nyasi.

Picha ilitikisika, ikakwama, ikarudi. Yakaonekana mawe ya manjano, na anga la buluu la baridi, na uso wa Lynette mwekundu kwa upepo. Kisha Lynette akageuza simu kuelekea ukutani, na pale, ameketi juani amejifunga blanketi, palikuwa na bibi mdogo kama mtoto.

Perpétue alipiga yowe lililomwamsha mzee wa chumba cha jirani.

"Nani huyo anayepiga kelele?" akauliza Mme Mamello kwa Kisotho, akiisogelea simu mpaka likaonekana sikio lake tu. "Perpétue? Umenenepa!"

"Mme, nilidhani umekufa!"

"Nimepoteza simu. Kuna tofauti."

Walitukanana kwa upendo namna hiyo kwa dakika kadhaa, huku machozi yakimtiririka Perpétue hata Makena akamtafutia karatasi za kujifutia. Mjukuu wa Mme Mamello ndiye mtunzaji sasa, naye alikuwa tayari ndani. Lynette akavua viatu. Wote waliziona soksi zake za rangi mbili tofauti. Alipiga magoti kwenye mlango mfupi, simu mkononi, akavuta pumzi.

"Ke kopa ho kena," alisema, kwa matamshi ambayo Perpétue aliyahangaikia mwezi mzima.

Mjukuu alikuwa ndani, tayari kujibu. Hakuwahi. Mzee Solomon, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, aliinuka kidogo kwenye kiti chake, akaitazama tableti, akajibu kwa sauti kubwa iliyopita baharini na kutokea pangoni.

"Kena, ngwanaka! Inama!"

Ngwanaka, mwanangu. Lynette aliinama, akaingia. Kutoka nje, sauti ya Mme Mamello ilisikika ikiuliza ni nani huyo wa Marekani anayewaitikia watu kabla yao. Ndani picha ilikuwa giza, na kilichoonekana ni mwali wa mshumaa mmoja tu. Mzee aliangalia mwali ule kwa muda mrefu, akasema mama amerudi na kuni, halafu akalala palepale kitini. Makena akamfunika.

Lynette aliporudi alimletea Perpétue kifurushi kutoka kwa Mme Mamello. Kulikuwa na fagio la nyasi la mkono, na agizo kwamba asiache ujinga wa Marekani umsahaulishe kazi.

Mwisho wa kiangazi Bernardine alimwita ofisini, akamwambia wangependa kumpeleka kusomea cheti cha usaidizi wa wauguzi. Perpétue alifikiri siku mbili, akarudi na jibu lake. Atasoma, na akifaulu atafanya siku tatu ghorofani na siku mbili kufulia. Bernardine akauliza kwa nini asiondoke kufulia moja kwa moja, maana kazi ya juu ni bora.

"Kule chini kuna joto," alisema Perpétue, "na niko naimba."

Mtihani ulimwangusha mara ya kwanza, kwa sababu ya maneno marefu. Joyeuse alimkalisha mezani kila siku baada ya shule, akimuuliza maswali kwa Kiingereza na kujibiwa kwa Kiswahili mpaka wote wawili wakachoka na kucheka. Mara ya pili akafaulu. Mugisho alinunua keki ambayo jina lake liliandikwa vibaya, wakaila hivyohivyo.

Siku yake ya kwanza kazini na sare mpya, mwezi wa Oktoba, mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, ikipiga mabati ya gereji na kujaza madimbwi kwenye maegesho. Alimkuta mzee Solomon ameshavaa, amekaa kitandani, uso umekunjamana kwa wasiwasi.

"Mme," alisema kwa Kisotho, "tuombee mvua. Ng'ombe wa baba wanakonda."

"Hiyo ni kazi rahisi leo, ntate," Perpétue akamwambia, akaenda dirishani akavuta pazia.

Mzee alitazama maji yakiteremka kwenye kioo, akamtazama yeye kwa heshima kubwa.

"Wewe," alisema, "wewe una nguvu."